Uso Mliousifu

Wapendwa, leo nimeomba kiti. Mchungaji alitaka nisimame kama wengine, nikamwambia, baba, nikisimama watasikia nusu ya maneno tu, nusu nyingine itabaki kifuani. Kwa hiyo nitasema nikiwa nimekaa. Mkiona nimenyamaza katikati ya neno, msidhani nimesahau. Nitakuwa naitafuta pumzi. Subirini, huwa inarudi.

Sijaja kushukuru kwa kupona. Hilo nililifanya hapa hapa, mwaka ule wa mvua nyingi, nikiwa nimevaa kitenge cha njano. Mnakumbuka. Nilizunguka mara tatu mbele yenu ili mnione mbele na nyuma, na kina mama wa kwaya mkapiga vigelegele mpaka mbuzi waliokuwa wamefungwa nje wakakata kamba. Leo nimekuja kuung'oa ushuhuda ule. Mtu mmoja alikufa kwa sababu yake. Na humu ndani wako ambao bado wanauishi, hata sasa ninavyowatazama. Hao ndio walionileta.

Nianze na moshi, maana mengine yote yalitoka huko.

Nilikuwa mpika gongo, ile pombe ya kujificha. Wengine mnainamisha vichwa kana kwamba hamkujua, lakini baadhi yenu mlikuwa wateja wangu wazuri. Mume wangu aliniacha na mabinti wawili walioolewa mbali, sikuwa na mtoto wa kiume. Nilitaka nyumba yangu isife. Mila yetu inajua njia: nyumba ntobhu. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume anatoa ng'ombe, anaoa binti, na watoto wa binti huyo wanaitwa kwa jina la nyumba yake. Kanisa halilipendi jambo hilo, najua. Mchungaji, usiniangalie hivyo. Binti nilimuoa, na ng'ombe wake walitoka kwenye pipa la gongo.

Ndugu zangu, nawaambia, adui wa mpika gongo ni moshi. Usiku mwanga wa moto unaonekana ng'ambo ya bonde, kwa hiyo tulipika mchana. Na mchana moshi unapanda juu ya paa, unasimama kama mtu anayeita askari. Ndiyo maana tulihakikisha hautoki. Nilikandika udongo mpaka pale ukuta unapokutana na mabati. Dirisha nikaliziba kwa gunia lililoloweshwa maji. Moto uliwaka, pipa lilichemka, mvuke ulipita kwenye bomba ukatoka tone kwa tone, na moshi wote ukabaki ndani pamoja nami. Kuni za milingoti mibichi zina moshi unaouma kama pilipili. Niliuvuta miaka kumi na tisa.

Sikuwa peke yangu. Nilikuwa na mwenzangu. Jina lake silitaji, ninyi mnalijua, na yeye amelala mahali ambapo jina halimfai tena. Ua wake ulipakana na wangu. Tulipokezana: mmoja ndani na pipa, mwingine nje anachambua mboga, macho barabarani. Aliye nje akiona moshi umepenya, hata uzi mmoja, anakohoa mara mbili. Aliye ndani anakimbilia kuziba. Ilikuwa ishara nzuri sana. Ilitulinda miaka mingi. Kisha tukaanza kukohoa kutwa nzima, wote wawili, aliye nje na aliye ndani, na ishara ikapotea. Mwenzangu alikuwa akicheka, anasema, "Sasa askari wakija tutajuaje? Itabidi tujifunze kupiga miluzi." Lakini hata mluzi hatukuuweza. Mluzi unataka pumzi.

Kwangu kikohozi kilianza kama mafua yasiyokwisha. Kisha makohozi kifuani kila asubuhi. Kisha kilima cha kutoka mtoni: kwanza nikapumzika mara moja, kisha mara tatu, kisha nikaacha kwenda. Nikaanza kulala nimekaa, mgongo ukutani, kama mlinzi. Nilipimwa kifua kikuu, hakuna. Nikapimwa tena, hakuna. Nikaambiwa ni pumu ya uzeeni, nikapewa dawa ya kikohozi, nikaimaliza, nikarudi palepale.

Hapo ndipo vile vidonge vilipoingia.

Kina mama mnavijua. Ni vidogo, vyeupe, mnaviita vidonge vya kunenepa. Anayetaka mashavu kabla ya harusi anavijua, anayetaka mume asiambiwe hamlishi mkewe anavijua. Jina lake la daktari ni prednisoloni. Nilikwenda mjini Tarime siku ya soko, nikaingia duka moja la dawa nikiwa nahema, na dada muuzaji hakuniuliza karatasi ya daktari. Alisema, "Mama, chukua hivi. Wengine wananenepa, wewe vitakufungua na kifua." Nikanunua.

Niseme kweli, maana leo sitaki kudanganya hata kidogo. Vilifanya kazi. Siku ya pili nililala chali, jambo ambalo sikulifanya kwa miaka. Siku ya nne nilipanda kilima na ndoo kichwani huku naimba. Kama umewahi kukosa hewa, utanielewa: si furaha, ni kama umefufuliwa. Nani angeniambia niviache? Na kwa nini?

Uso ukaanza kujaa. Ukawa mviringo, unang'aa, shingo ikapata nyama. Sokoni wakaanza: "Mama, umemmeza nani?" Mzee mmoja muuza chumvi akasema, "Huyu sasa ana shingo ya fahali, mfungieni nira tulime." Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Mtu aliyekuwa akionewa huruma, leo anataniwa. Mnajua utamu wake.

Mmoja tu hakucheka, mke wangu wa nyumba ntobhu. Yeye huniita Mama. Asubuhi moja alinimwagia maji ya kunawa, akanitazama mikono, akasema, "Mama, uso unajaa lakini mikono inakwisha. Umekuwa kama kiazi juu ya vijiti."

Nikamwambia, "Huo ni wivu. Wewe hujawahi kunenepa tangu nikuoe."

"Kweli," akasema, "lakini mimi sichubuki nikishikwa."

Alikuwa sahihi. Ngozi yangu ilikuwa kama karatasi ya sigara, ukiigusa inaacha doa la zambarau. Sikumsikiliza. Jumapili iliyofuata ndiyo niliyovaa kitenge cha njano.

Nilisema nini siku ile? Nilisema nilikesha nikaomba, na Mungu akaniponya kifua. Sikusema neno la vidonge. Mkapiga vigelegele. Lakini baada ya ibada, pale nyuma karibu na tangi la maji, mwenzangu alinishika mkono. Alikuwa anahema, midomo ina rangi ya kijivu. Akasema, "Mimi nimeomba kama wewe. Labda zaidi. Niambie ukweli, unakula nini?"

Nikafungua mkoba. Nikatoa mkasi wangu wa kushonea, nikakata karatasi ya vidonge katikati, nikampa nusu. Nikamwambia, "Kimoja asubuhi, ukizidiwa viwili. Karatasi usiitupe, ndiyo utamwonyesha muuza duka." Hakuwa wa mwisho. Mlikuja wengine, mmoja mmoja, pembeni, na wote niliwaambia vilevile. Nilijiona kama mganga.

Naye akanenepa. Tukawa na nyuso mbili za mviringo zinazochekeana juu ya ua. Gongo tulikuwa tumeshaacha wakati huo, vifua vilikuwa vimetukataza, na tulikuwa tunauza ndizi. Ilikuwa miaka miwili mizuri. Naikumbuka kama mtu anavyokumbuka ukumbi wa harusi uliokuja kuungua.

Kisha akafiwa na dada yake, ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya. Alikwenda msibani akitegemea kukaa siku tatu. Alikaa zaidi ya wiki, vidonge vikamwishia. Huko alizunguka maduka na ile karatasi tupu, wakamwambia alete maandishi ya daktari. Siku ya pili bila vidonge alichoka. Siku ya nne alianza kutapika, hawezi kusimama, baridi inamshika saa sita mchana. Watu wa msibani walisema amekula chakula kibaya, wengine wakasema kuna mtu hakupenda alivyonenepa. Aliletwa nyumbani kwenye gari la kubeba ndizi, amefunikwa.

Baada ya maziko mumewe alikuja kwangu. Akakaa kwenye kigoda, akatoa mfukoni ile karatasi. Nusu ile, imekatwa kwa mkasi wangu, nilitambua jinsi ukingo ulivyopinda. Akasema, "Shemeji, hii ni dawa gani? Siku zake za mwisho alikuwa akiiulizia tu."

Vidonge vyangu vilikuwa ndani ya kopo la sukari, hatua tatu kutoka mahali alipokaa.

Nikasema, "Sijui, shemeji."

Akaikunja, akairudisha mfukoni, akaaga.

Naombeni maji kidogo.

Asanteni. Nilikana, na wala jogoo hakuwika. Ningalipenda awike.

Miezi ikapita. Asubuhi moja niliinama kuokota ungo wa mahindi, nikasikia kitu mgongoni kimekatika, kama kuni kavu. Nililala kifudifudi uani mpaka mke wangu aliporudi kutoka mtoni. Alinifunga kwa kanga juu ya pikipiki, yeye nyuma amenikumbatia, tukateremka mpaka mjini. Hospitali walinipiga picha: mfupa wa uti wa mgongo umesinyaa kama chapati iliyokaliwa. Sukari iko juu. Daktari alikuwa binti mdogo, alinisalimu shikamoo, akanitazama uso kwa muda mrefu kuliko ninyi mlivyoutazama. Hakunisifu. Akauliza, "Mama, unakunywa vidonge gani vya muda mrefu?"

Mke wangu akaweka kopo la sukari mezani. Alilibeba kutoka nyumbani bila kuniambia.

Daktari alinieleza polepole, nami nawaeleza nilivyoelewa. Moshi ule ulichoma njia zangu za hewa. Zimevimba kwa ndani, zimekuwa na makovu, kama bomba la gongo lililoziba kwa uchafu. Hewa inaingia kwa shida na inatoka kwa shida zaidi. Ugonjwa huu ni sugu. Mahali palipokufa hapafufuki. Vile vidonge vinatuliza uvimbe, ndiyo maana nilipumua. Ni dawa nzuri, akasema, mtu akibanwa vibaya tunampa siku tano, basi. Lakini vikinywewa mwaka hadi mwaka vinakwenda mwili mzima: vinakula mifupa, vinapandisha sukari, vinachana ngozi, na vinajaza uso. "Huku si kunenepa, mama," alisema. "Huo uso ndio dalili."

Nikasema, "Basi leo nitavitupa chooni."

Alinishika mkono, akaukaza. "Usithubutu. Mwili unatengeneza dawa ya namna hii wenyewe, kidogo kidogo. Wewe umeuletea ya dukani kila siku, nao umelala. Ukikata ghafla hauamki. Mtu analegea, anatapika, damu inakosa nguvu, anakufa ndani ya siku chache, na watu wanadhani amelishwa sumu."

Sikusikia mengine. Nilimsikia mwenzangu akikohoa mara mbili nje ya ukuta, na mimi niko ndani sikuelewa ishara.

Nilirudi nyumbani na mambo mawili. La kwanza, kupunguza vidonge pole pole, miezi mingi, kwa tarehe zilizoandikwa kwenye kadi. La pili, dawa ya kuvuta kwa mdomo, kile kichupa ambacho wengi mnasema akipewa mtu ujue amekwisha. Ndani yake kuna dawa ya kutuliza uvimbe pia, lakini kidogo sana, na inakwenda kwenye mapafu moja kwa moja, pamoja na nyingine inayofungua njia. Daktari alisema si kila mwenye kifua anapewa hiyo. Mimi nimepewa kwa sababu nabanwa mara kwa mara. Asubuhi na jioni, kupitia chupa ya plastiki iliyotobolewa kitakoni ili dawa isiishie ulimini, kisha nasukutua maji na kuyatema, nisiote utando mweupe mdomoni.

Nilivuta siku ya kwanza. Hakuna kitu. Siku ya tatu, hakuna kitu. Mimi niliyezoea kufufuka siku ya pili, nikaona nimepewa upepo. Nikakitupa chini ya kitanda. Huku vidonge vinapungua, na mwili unadai. Viungo vyote viliuma. Uso ukanywea, ngozi ikaning'inia. Nilipopita sokoni yule mzee wa chumvi alitazama pembeni. Niliwasikia mkisema: amekwisha, ule ugonjwa umerudi, au ni ugonjwa mwingine tusioutaja. Nilipokuwa nakufa mlinipigia vigelegele, na nilipoanza kuponywa mkaniandalia sanda. Siwalaumu. Hata mimi nilikiamini kioo cha nyumbani.

Kwa wiki nyingi sikutoka ndani. Sitaki kuwapambia. Niliomba, na maombi yakawa yanaanguka karibu, kama jiwe la mtu asiye na nguvu. Nilimtamani mwenzangu, si kwa kumkumbuka tu, kwa kumfuata. Mke wangu alikitoa kichupa chini ya kitanda, akakifuta vumbi kwa kanga, akakaa mbele yangu asubuhi na jioni akihesabu: toa hewa, vuta, shikilia. Nikimtukana anasema, "Tukana, lakini toa hewa kwanza." Wiki ya tatu, au ya nne, niligundua nimemaliza tusi zima bila kukatika.

Siku ile ile nilimwomba anipeleke kwa mume wa mwenzangu.

Alikuwa anakamua. Nilimwambia yote: mkasi, tangi la maji, kopo la sukari, "sijui, shemeji." Maziwa yaliendelea kuingia kwenye kibuyu, hakugeuka. Alipomaliza akamfungua ndama, akamwangalia ananyonya. Kisha akasema, "Wewe bado unavyo?"

"Ninavyo, napunguza."

"Na wale wengine uliowapa?"

Nikaanza kuwahesabu kwa vidole.

Akasema, "Mimi usiniombe msamaha, bado sina. Nenda kaseme pale ulipojisifia." Akachukua kibuyu chake, akaingia ndani.

Ndiyo sababu niko kwenye kiti hiki.

Mnaniuliza nimepona? Sikupona. Vidonge nimevimaliza mwezi uliopita, kwa kufuata kadi mpaka mstari wa mwisho. Mgongo umepinda na utabaki hivyo. Kilima cha mtoni sitakipanda tena maisha yangu. Nikivuta dawa zangu naweza kutoka nyumbani mpaka hapa kwa kupumzika mara nne, na tangu msimu wa baridi sijabanwa mpaka kulazwa. Ndicho nilichopata. Mwenzangu hakupata hata hicho, na kuna asubuhi ambazo naona aibu kuvuta pumzi ambayo ingekuwa yake.

Namshukuru yule daktari aliyenitazama uso bila kuusifu. Namshukuru mke wangu wa nyumba ntobhu. Watoto wake wana jina la nyumba yangu, lakini sasa nyumba yenyewe ni yeye. Namshukuru mume wa mwenzangu, ambaye hayupo hapa. Hajanisamehe, na bado alinionyesha njia.

Sasa lile lililonileta. Nimekaa hapa mbele, nawaona vizuri. Naziona nyuso. Mashavu ya mviringo, yanang'aa, nyuma kidogo ya shingo pamevimba. Dada, wewe wa pale karibu na nguzo, na wewe uliyejifunika mtandio, na mama, wewe unayeangalia chini. Nawajua, kwa sababu uso huo ni wangu, niliwagawia mimi kwa mkasi.

Vidonge msivitupe. Nawasihi kwa pumzi hii niliyobaki nayo. Mchungaji, ukipanda hapa baada yangu, usiwaambie wavilete madhabahuni tuvichome; utawaua kwa neno jema kama nilivyofanya mimi. Kesho asubuhi mnywe kama mlivyozoea. Alhamisi ni siku ya kliniki. Gari la ndizi la saa kumi na mbili asubuhi litanisubiri hapo barabarani, nimeshaongea na dereva. Njooni na karatasi zenu, hata zilizo tupu. Tutakwenda pamoja, polepole, kwa mwendo wangu.

Nimemaliza. Kina mama, msipige vigelegele. Atakayekuja Alhamisi, akohoe mara mbili tu, pale alipo. Mimi nitasikia, na safari hii nitaelewa.